Nimestaafu nakaa zangu Gezaulole kwa raha, wanangu wanataka nihamie kwao Tabata. Nifanyeje?

BARUA

Mwanangu mshauri, habari za kazi. Nakusoma muda sasa, binti yangu ndo alinionyesha, sikudhani kama itafika siku na mimi nikuandikie ila nimefika mahali sina wa kumwambia maana kila ninayemjua ama yuko upande wa wanangu ama yuko upande wangu, wa katikati hakuna.

Mi ni mama wa miaka 64, mjane. Nilikuwa karani wa masjala serikalini, nimestaafu kwa umri, 60 kamili. Maisha yangu yote ya kazi nimekaa nyumba ya kupanga Sinza, naamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, narudi giza limeshaingia, wanangu walikuwa wananiona vizuri Jumapili tu. Hela ya mkupuo ilivyotoka nikamalizia nyumba tuliyoanza kujenga na marehemu baba yao huku Gezaulole, Kigamboni. Kiwanja tulinunua zamani sana, enzi hizo daraja hakuna, ni kivuko tu, watu wakatucheka kwamba tumetupa hela porini. Nyumba ni ndogo, vyumba vitatu, kisima, banda la kuku, miembe na minazi aliyopanda mwenyewe marehemu na mikorosho tuliyoikuta.

Naomba nikueleze ninavyoishi huku ili unielewe, usije ukafikiri nang'ang'ania ukuta.

Masika yakiisha, Juni hivi, kinaingia kipupwe, usiku najifunika blanketi kabisa, Dar hii hii ambayo watu wanailalamikia joto. Muhogo unakuwa umekomaa, mahindi mabichi yapo, jioni nawasha jiko nachoma na chai ya mchaichai pembeni, jirani akisikia harufu anakuja na kikombe chake. Kusi inavuma muda wote huo, bahari imechafuka, samaki adimu na bei haishikiki, basi sisi tunarudi kwenye kunde na kisamvu cha nazi na wala hatulalamiki. Kusi ikilegea huko Septemba bahari inatulia mwanangu mpaka unashangaa kama ndo ile ile. Zile siku za giza, mwezi hakuna, wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, usiku ukisimama ufukweni unaziona zimejipanga kule mbali, asubuhi nateremka na beseni langu. Bamvua likija maji yakatoka sana wanawake wa huku wanaingia mwambani kutafuta pweza, mi mgongo hauniruhusu kuinama hivo ila nawasubiri nchi kavu, pweza nampata bado mbichi kabisa, nampiga piga mwenyewe alainike, nampika na nazi na ndimu.

Afu vuli. Korosho zinaanza kudondoka, ukiamka asubuhi chini ya mti kumejaa mabibo mekundu na ya njano, naokota, nang'oa korosho naanika. Tukipata nyingi tunakaanga kwenye debe lililotobolewa, tunakaa barazani tunabangua huku tunaongea mambo ya watu, vidole vinakuwa vyeusi kwa yale mafuta yake na kesho yake tunaendelea. Desemba ni embe. Mwanangu, embe! Bolibo, dodo, zile sindano za wajukuu, hata sio za kuuza, nagawa kwa ndoo. Januari na Februari joto ni joto kweli ila kaskazi inapuliza kutoka baharini, natandika mkeka chini ya mwembe nalala mpaka alasiri ya saa kumi. Ramadhani ikiingia futari inapita nyumba hadi nyumba, mi napeleka magimbi, huyu ananiletea tambi, yule uji wa pilipili manga. Jumatano nina kikoba. Miaka yote ile ya masjala sikuwahi kujua kama mwaka una haya mambo, yani nilikuwa najua tu mvua imenyesha au haijanyesha na foleni ikoje.

Sasa tatizo. Kijana wangu mkubwa anakaa Tabata na mkewe, wote wana kazi, watoto watatu na mdogo ana mwaka mmoja. Wasichana wa kazi hawakai, wa mwisho kaondoka bila hata kuaga. Tangu hapo ndo maneno yakaanza, mama unateseka peke yako huko, mama njoo ukae na sisi. Na binti yangu wa mwisho anamuunga mkono kwa sababu ya presha, kuna siku nilipata kizunguzungu jirani akanipakia kwenye bajaji akanipeleka hospitali, wao wakajua jioni, wakaja wote wanalia. Hilo nalielewa.

Ila kwenye grupu la familia nikaja kuona wameshapanga kila kitu, nitakaa chumba cha nyuma, nyumba ya huku ipangishwe au iuzwe maana viwanja vya Kigamboni sasa hivi vina bei. Na juzi dalali kafika getini kwangu na mtu amevaa vizuri, wanaangalia mipaka. Nikawaambia mwenye nyumba hayupo. Nililia sana siku ile.

Kikao wameweka Desemba watoto wakifunga shule. Wifi yangu kashanipigia kunambia mama gani anakaa anakula embe huku mwanae anahangaika na watoto. Mwanangu, wajukuu nawapenda, sijakataa kusaidia. Je mimi ni mbinafsi? Na nikikataa nikatae kwa maneno gani nisivunje familia?

Mama wa Gezaulole

JIBU

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma na nimeirudia, pale pa dalali moyo uliniuma. Nianze na jibu kabisa ndo tuongee mengine: usihame, na ubinafsi hapo sioni.

Wifi yako nimjibu kidogo. Hiyo pensheni unayoishi nayo ni jasho lako mwenyewe la miaka yote ile unawahi daladala saa kumi alfajiri. Hiyo nyumba ni mkupuo wako. Watoto umelea, umesomesha, wamepata kazi na wenza. Mama aliyemaliza yote hayo akikaa chini ya mwembe wake anakula embe, anakula chake. Na kitu kilichonigusa kwenye barua yako ni kwamba umeeleza mwaka mzima, unajua kusi inaingia lini na inatoka lini, dagaa lini, korosho lini. Mtu anayeishi hivo hajatelekezwa. Wanao wakisema unateseka peke yako nadhani kwa kweli hawajui unaishije, wakija wanakuja Idd au Jumapili mchana, wanakula, jioni wanawahi foleni ya daraja. Hawajawahi kuona Jumatano yako.

Ila mama hapo yamechanganywa mambo mawili na ukiyaacha yakakaa pamoja kwenye kikao utashindwa. Kuna usalama wako na kuna yaya. Wanaongelea la kwanza, linalowabana ni la pili. Siwalaumu, kulea watoto watatu Dar baba na mama wote wapo kazini ni shughuli, unatoka nyumba watoto wamelala unarudi wamelala, msichana wa kazi akiondoka ghafla mtu unaomba ruhusa kazini mpaka unaona aibu. Ni shida ya kweli na inataka jibu, lakini jibu haliwezi kuwa mama wa miaka 64 mwenye presha kumbeba mgongoni mtoto wa mwaka mmoja kutwa nzima, halafu jioni anaingia chumba cha nyuma kulala. Mtoto wa umri ule hakai, anapanda ngazi, anashika jiko, ukimkimbiza siku tatu mgongo wako unakuja kusema. Siku ukianguka mkiwa wawili tu ndani, yule mtoto atampigia nani simu? Waulize hilo swali, kwa upole.

Kwa yaya kuna njia. Siku hizi vituo vya kulelea watoto mchana vipo mitaa mingi, Tabata ikiwemo, waende wakaangalie kama kimesajiliwa, wakae pale saa nzima waone watoto wanavyohudumiwa. Au wamtafute msichana wa kazi mtu mzima kidogo, alipwe vizuri kwa wakati, apate siku ya kupumzika, wakubaliane kwa maandishi. Wengi wanaoondoka bila kuaga wana sababu ambayo hakuna aliyewauliza. Na binti yako wa mwisho kama ana uchungu na wewe kweli achangie hapo.

Sasa kwenye presha mama nitakuwa upande wa wanao, hapo wana haki na hofu yao isije ikapuuzwa. Wewe ndo wa kuwaondolea hiyo hofu kabla hata ya kikao. Kliniki usikose. Dawa unameza hata siku unajisikia mzima, watu wengi wanaacha wakiona wamepata nafuu na hapo ndo presha inapanda kimya kimya. Nunua mashine ya kupimia nyumbani, ile ya kufunga mkononi, pima asubuhi andika kwenye daftari, kliniki wataifurahia hiyo daftari. Chumvi punguza, na samaki wa ng'onda najua ni mtamu ila kwa presha hapana, hao wabichi wa beseni ndo wako. Dalili za kiharusi jirani yako azijue pia: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, maneno kuvurugika mdomoni. Ikitokea hata moja hamsubiri asubuhi wala hamkandi na maji moto, ni hospitali moja kwa moja. Huko mna hospitali ya wilaya ya Kigamboni, Vijibweni ipo, na ikibidi Muhimbili daraja linavusha usiku wowote, ile sababu ya zamani ya kusubiri kivuko haipo tena tangu 2016. Kadi ya bima kaa nayo karibu na mlango. Kama bima yako ina mapungufu, hospitali za serikali zina dirisha la wazee kwa wenye 60 na kuendelea, kaulize mapema wanahitaji nini usije ukaanza kuuliza ukiwa umezidiwa.

Kuna vitu vingine vidogo vidogo ila vitawatuliza sana. Namba ya yule jirani na ya dereva bajaji mmoja unayemwamini wawe nazo watoto wote. Ufunguo wa akiba kwa jirani. Kila asubuhi kabla ya saa mbili tuma meseji kwenye grupu, hata neno moja, isipoonekana wanapiga, usipopokea wanampigia jirani. Na vyumba unavyo vitatu, ningekuwa wewe kimoja ningempa binti wa ukoo anayesoma au mpangaji mmoja mwenye heshima zake, mwalimu au muuguzi, kodi ndogo, sharti lake awe analala hapo. Usiku ndo unaowatisha wanao, ukiwa na mtu ndani hoja yao kubwa imekwisha.

Nije kwenye nyumba, hapa naomba unisikilize kuliko kote. Umesema kiwanja mlinunua wewe na marehemu. Karatasi zina jina la nani? Kama ni lako au yenu wote wawili, hakuna mtu anaweza kuuza bila saini yako, dalali aje na nani. Lakini kama ni jina la marehemu peke yake na mirathi haijafunguliwa, hapo pana hatari kuliko dalali yeyote. Maana yake nyumba unayolala bado ni mali ya marehemu, wewe na watoto wote mna sehemu, na mtu mwingine anaweza kukutangulia mahakamani akaomba yeye awe msimamizi. Basi cheti cha kifo toa RITA, ile ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo, kama huna, muitane wanafamilia mkae, mwandike muhtasari wa kikao mkimpendekeza msimamizi wa mirathi, upite serikali ya mtaa upate barua, ufungue shauri Mahakama ya Mwanzo. Kwa sheria ya Kiislamu mjane ambaye marehemu kaacha watoto ana thumni, yani moja ya nane, na juu ya hiyo kuna jasho lako mwenyewe uliloweka kwenye ujenzi, hilo linazungumzwa na linahitaji ushahidi kwa hiyo risiti za saruji na mabati na karatasi za mafao zitafute zote weka sehemu moja. Msaada wa kisheria wa bure Dar upo, nenda na karatasi zako ukaongee na mwanasheria ana kwa ana, mimi sijaziona.

Mpaka hayo yakae sawa, kwenye kikao usisaini kitu chochote, hata wakisema ni ya mahudhurio tu soma kwanza. Hati yenyewe halisi usimpe mtu akutunzie, hata yule unayempenda kuliko wote. Mwenyekiti wa mtaa wako mtaarifu kwamba kuna dalali anapita na wewe huuzi, akija mnunuzi kuulizia hapo ofisini akutane na hilo jibu. Hao madalali wanaanzia kwa mwenyekiti.

Haya, maneno ya kusema. Mama ukienda kikaoni ukasema nawapenda lakini sitaki, watalia, utalia, na utahama. Mapenzi msiyajadili kabisa maana hapo hakuna anayebishana. Wewe jadili kalenda. Chukua karatasi andika mwaka wako kama ulivyoniandikia mimi, afu uwape miezi yao humo humo. Kwa mfano masika yakikolea, Aprili hiyo mpaka Mei, njia za ndani huko Kigamboni zinakuwa matope, bahari haitamaniki, shambani huna kikubwa, huo ndo muda wa kwenda Tabata ukakae nao, umbembeleze mdogo, mkwe apumue, na kuku jirani atakuangalizia. Likizo ya Juni na ya Desemba wale wakubwa wawili waje kwako, wote, na mabegi yao. Hapo umemsaidia mwanao kuliko kumlinda mtoto sebuleni na katuni, maana likizo ndo zinawatesa wazazi, shule zimefungwa na kazi hazijafungwa. Na wajukuu wajue kuchimba muhogo, wajue bamvua ni nini, wabangue korosho mpaka vidole viwe vyeusi. Mtoto wa Tabata asipoyajua hayo kwa bibi yake atayajulia wapi.

Ukiwapa kalenda wanaweza kubishana na tarehe, kwamba Aprili isogezwe, kwamba Idd tunakula wapi, mbishane hapo mpaka mchoke, ni ubishi mzuri. Swali la kuhama halitakuwepo tena mezani.

Kikao kifanyikie Gezaulole, usikubali Tabata. Wewe ndo mkubwa, sema tu mama nawapikia, njooni. Na walale, wasije wakaondoka jioni, wapate usiku mmoja na asubuhi moja hapo. Kama una kaka yako muite, mjomba wao akisema neno linakuwa na uzito tofauti na ukisema wewe, na mpe habari zote kabla, pamoja na ya dalali, asije akayasikia pale pale. Suala la dalali aliulize yeye, nani kamtuma. Wewe kaa kimya hapo, mwache aliyemtuma ajibu mwenyewe.

Na kuna mtu mmoja hujamtaja sana, mkwe wako. Mpigie yeye kwanza, wiki hii, kabla ya mwanao. Sina hakika hata kama anajua habari ya kuuza nyumba, na mwanamke yeyote mwenye akili zake hana hamu ya kukaa na mama mkwe aliyeletwa kwa kulazimishwa. Mwambie mkwe wangu nasikia msichana kaondoka, pole, watoto wanaendeleaje, nani anakaa na mdogo mchana? Msikilize amalize. Afu mwambie Desemba wakubwa wawili nawachukua, wanaletwa na nani na siku gani. Ukipata jibu hilo kutoka kwake kikao umeshakianza. Baadae tuandikie kimeendaje, na hasa ile ya mirathi mama, usiilaze.